Binti wa Kifalme Katika Shamba la Mabomu

Hapa Igawa watoto hupita pekupeku kwenda kuamia ndege kwenye mpunga, na hofu ya mama ni nyoka tu. Kule Angola mama kama huyo aliiogopa ardhi yenyewe, maana vita viliijaza mabomu ya kutegwa.

Ndiko alikokwenda Diana, Januari 1997. Bila shaka unamkumbuka. Alizaliwa Uingereza mwaka 1961, akawa msaidizi katika shule ya chekechea, akaolewa na Mwanamfalme Charles mwaka 1981, akapata wana wawili. Ndoa ikavunjika, na mwaka 1996 talaka ikatoka. Sitaipamba habari hiyo.

Mjini Huambo alivaa kinga ya kifua na kioo cha kufunika uso, akatembea kwenye kijia kilichosafishwa, alama za hatari zikiwa huku na huku. Aliketi na watoto waliopoteza miguu. Kwao, kiongozi mmoja wa serikali alimbeza kwamba anaingilia siasa. Hakurudi nyuma. Agosti alikwenda Bosnia kuwasikiliza majeruhi na wafiwa, na tarehe 31 mwezi huohuo akafariki katika ajali ya gari mjini Paris, akiwa na miaka 36.

Wakati huo nilikuwa mseminari. Mama Teresa alifariki siku tano baadaye, nami nikanung'unika: mbona dunia inamlilia mtalaka wa kifalme kuliko mtawa wa maskini? Kumbe wao wawili walikuwa wamekutana New York mwezi Juni, wakatembea wameshikana mikono. Katika habari ya Msamaria Mwema, wa kwanza kupita kando ni kuhani, na mimi ndio kwanza nilikuwa njiani kuwa kuhani.

Diana hakuianzisha kazi hiyo. Mashirika yaliungana kuipigania tangu mwaka 1992. Desemba 1997, mjini Ottawa, nchi 122, Tanzania ikiwemo, zilitia saini mkataba wa kuyapiga marufuku mabomu hayo. Hata panya buku wetu wa Morogoro, wanaofundishwa kunusa baruti pale Chuo Kikuu cha Sokoine, wamefika Angola.

Lakini mwaka 2025 nchi kadhaa za Ulaya, Poland na Finland zikiwemo, ziliamua kujitoa katika mkataba kwa kuihofia Urusi. Hofu yao naielewa. Ila leo, katika maombi ya waamini, nitawataja watoto watakaozaliwa kwenye mipaka ile, na nitaitaja Huambo. Kile kijia alichopita Diana sasa ni mtaa wenye nyumba, maduka na shule.