Tabibu Theodor Bilharz na Kichocho

Ndugu zetu wa pwani waujua ugonjwa wa kichocho, lakini ni wachache wamjuao aliyeifichua asili yake. Theodor Bilharz alizaliwa Ujerumani mwaka 1825, akaenda Misri mwaka 1850. Mwaka wa pili yake, katika hospitali ya Qasr al-Ainy mjini Cairo, alipasua maiti akaona ndani ya mishipa ya damu minyoo ambayo hakuna tabibu aliyepata kuieleza. Hakuchoka, aliendelea kuchunguza hata akayaona mayai yake katika kibofu, ikafahamika utokako mkojo wa damu. Alifariki Cairo mwaka 1862, umri wake miaka 37, na dawa hakuipata.

Leo, katika ufuo wa Kisumu, mvuvi mwenye kichocho cha matumbo hupimwa choo kwa hadubini, na mayai yakionekana hupewa prazikwanteli. Bila ya subira ya kijana yule, pengine tungali twasingizia uchawi.

Basi aonaye damu asione haya, aende akapimwe. Wala asiende haja majini, maana minyoo huingia katika konokono, kisha hurudi majini ikapenya ngozi ya aogaye.