Livingstone huko Kabambare: daktari aliyejifunza ugonjwa wa kuvunjika moyo

Wengi wetu tunamjua David Livingstone kama mzungu aliyetembea Afrika akitafuta chanzo cha mto Nile. Wachache wanakumbuka kwamba kati ya 1869 na 1871 aliishi hapa kwetu Maniema. Mahali alipopaandika Bambarre ndipo Kabambare ya leo. Hapo alilala mgonjwa miezi mingi, na hapo aliandika habari ya ugonjwa ambao makanisa yetu yanakutana nao hadi leo.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 huko Blantyre, Scotland, katika jamaa maskini. Akiwa na miaka 10 alianza kazi katika kiwanda cha pamba, na usiku alisoma. Akawa daktari na mtumishi wa Injili, akafika Afrika ya Kusini mwaka 1841. Mwaka 1845 alimwoa Mary Moffat, binti wa wamisionari wa Kuruman. Mary alikuwa mzaliwa wa Afrika, na lugha ya Kitswana aliijua tangu utoto.

Lakini huyu mama alibeba mzigo mzito. Mwaka 1850 mtoto wao mchanga, Elizabeth, alikufa baada ya safari ngumu. Mwaka 1852 Livingstone aliwapeleka mke na watoto wanne Uingereza, yeye akabaki Afrika zaidi ya miaka 4. Mary alihangaika bila nyumba yake na bila pesa ya kutosha. Akaanza kunywa pombe, na imani yake ikatikisika. Baadaye alimfuata mume wake huko Zambezi, akafa kwa homa huko Shupanga tarehe 27 Aprili 1862. Ulimwengu ulikuwa unamsifu mume, na huku moyo wa mke ulikuwa umevunjika miaka mingi.

Katika safari hiyo ya Zambezi Livingstone alikuwa mkuu wa msafara wa serikali ya Uingereza, na uongozi ulimshinda. Aligombana na wenzake, akawafukuza wengine, na mara nyingine alikaa kimya siku nzima bila kusema na mtu. Mwaka 1863 serikali iliamuru msafara urudi.

Mwaka 1866 alianza safari yake ya mwisho. Mwezi wa kwanza wa 1867 sanduku lake la dawa lilipotea pamoja na mpagazi aliyetoroka. Alivuka ziwa Tanganyika, akafika Kabambare mwezi wa Septemba 1869. Mwezi wa Juni 1870 alijaribu tena kuufikia Lualaba, akiwa na watu 3 tu waliokubali kumfuata: Susi, Chuma na Gardner. Vidonda vikamla miguu, akarudi Kabambare mwezi wa Julai, akakaa hapo karibu miezi 7. Daktari sasa alikuwa mgonjwa asiye na dawa. Alitunzwa na Mohamad Bogharib, mfanyabiashara Mwislamu. Kilichomsaidia ni jiwe la shaba la kijani kutoka Katanga, lililosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Alipokuwa Maniema aliisoma Biblia yote mara 4.

Katika siku hizo za kulala aliandika habari ya ugonjwa wa ajabu kuliko yote aliyoyaona katika nchi hii. Uliwapata watu huru waliotekwa na kufanywa watumwa. Walivumilia minyororo mpaka walipouvuka Lualaba na kuona mto ule mpana umewatenga na kwao. Hapo nguvu ziliwaishia. Wengine walikufa katika siku 3, na kijana mmoja wa miaka kama 12 aliwekwa kando ya njia akikata roho. Walipoulizwa wanaumwa nini, hawakutaja homa wala kuhara. Waliweka mkono kifuani, penye moyo, wakasema maumivu ni hapo. Livingstone alikubali jibu lao, akauandika ugonjwa kwa jina walilolionyesha kwa mkono: kuvunjika moyo.

Susi na Chuma nao walisimulia kwamba watoto waliotekwa walijikaza njiani. Lakini waliposikia ngoma katika kijiji walichokipita, walikumbuka kwao, wakalia, na baada ya muda mfupi wakafa.

Mwisho wa mwezi wa Machi 1871 Livingstone alifika Nyangwe, kwenye Lualaba, si mbali na Kasongo. Alipenda kwenda sokoni na kuwatazama wamama wakiuza samaki, kuku na vyungu, wakibishana bei na kucheka. Karatasi zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mmea. Tarehe 15 Julai watu wa msafara wa Dugumbe walifyatua bunduki katikati ya soko lililokuwa na watu kama 1,500. Wengi waliokufa walikuwa wanawake, wengine kwa risasi, wengine kwa kuzama mtoni. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu wafu kati ya 330 na 400. Livingstone alilala chini kwa huzuni, kichwa kikimuuma. Habari aliyoiandika ilisaidia kuibana serikali, na mwaka 1873 soko la watumwa la Zanzibar likafungwa.

Yeye alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo. Wenzake walibeba mwili wake mpaka Bagamoyo. Susi na Chuma walialikwa Uingereza. Halima, mpishi wake, hakualikwa, ijapokuwa Livingstone alikuwa amemsifu kwa uaminifu na kukusudia kumpa uhuru, pamoja na nyumba na shamba huko Zanzibar.

Ndugu na dada, mtu huyu hakuwa mtakatifu asiye na kasoro. Kwa mke wake alichelewa kuuona moyo uliovunjika. Huko Kabambare, alipokuwa hana dawa wala nguvu, aliwauliza wanaoumia na kuamini jibu lao. Hiyo ndiyo kazi ya kiongozi.

Leo tunao wamama waliokimbia vita upande wa Salamabila, vijana waliobeba silaha, wazee waliozika watoto wao. Wengine hawalali, wengine hawasemi. Tusikimbilie kusema ni uchawi au ukosefu wa imani. Tuwaulize wanaumwa wapi, na kwa lugha ya moyo wao, iwe Kibangubangu, Kizimba, Kikusu au Kiswahili. Tena mama aliyeumizwa hawezi kufungua moyo wake mbele ya baraza la wanaume peke yao. Wamama wawe katika baraza hilo wakiwa na sauti ya kuamua, wasiwe wa kupika na kuimba tu. Na anayehitaji muuguzi au daktari, tumsindikize, tukiendelea kumwombea.

Zaburi ya 34 inatufundisha kwamba Bwana yu karibu na waliovunjika moyo. Kanisa lake nalo likae karibu nao. Amina.