Peter Scott

Sir Peter Markham Scott (14 Septemba 1909 – 29 Agosti 1989) alikuwa mtaalamu wa ndege, mchoraji, mtangazaji wa televisheni na mwanahifadhi kutoka Uingereza. Anakumbukwa hasa kama mwanzilishi wa hifadhi ya ardhioevu ya Slimbridge, kando ya mto Severn, ambapo bata bukini na batamaji kutoka kaskazini mwa Urusi hukaa wakati wa majira ya baridi. Alikuwa pia mmoja wa waanzilishi wa WWF, yaani Mfuko wa Dunia wa Wanyamapori, mwaka 1961, na ndiye aliyechora nembo ya panda ya shirika hilo.

Familia na utoto

Scott alizaliwa London, akiwa mtoto wa pekee wa Robert Falcon Scott, mpelelezi wa bara la Antaktiki, na Kathleen Bruce, mchongaji wa sanamu. Jina la Peter alipewa kutokana na Peter Pan, mhusika wa tamthilia ya J. M. Barrie, ambaye alikuwa rafiki wa familia na baba yake wa ubatizo.

Baba yake alifika Ncha ya Kusini mnamo Januari 1912, akakuta kwamba Roald Amundsen wa Norwei na wenzake walikuwa wametangulia. Alifariki kwa njaa na baridi akiwa njiani kurudi, mwezi Machi mwaka huohuo. Mtoto wake alikuwa hajafikisha umri wa miaka mitatu. Katika barua ya mwisho aliyomwandikia mkewe, alimwomba ajitahidi kumfanya kijana huyo apende elimu ya viumbe, kwa kuwa aliona hiyo ni bora kuliko michezo. Kathleen alitii wosia huo. Mwaka 1922 aliolewa na mwanasiasa Edward Hilton Young.

Scott alisoma shule ya Oundle, kisha Chuo cha Trinity, Cambridge. Alianza na masomo ya sayansi ya viumbe lakini akahitimu katika historia ya sanaa mwaka 1931. Baadaye alijifunza uchoraji mjini Munich na katika shule ya Royal Academy, London.

Kutoka uwindaji hadi uhifadhi

Mapenzi ya Scott kwa ndege wa majini yalianza kwa bunduki. Akiwa mwanafunzi Cambridge alikuwa akiamka usiku wa manane wakati wa baridi kali, akajilaza kwenye matope ya pwani ya Wash, mashariki mwa Uingereza, kusubiri bata bukini wapite alfajiri. Alikuwa mwindaji hodari, na kwa njia hiyo alijifunza jinsi ndege hao wanavyofuata kujaa na kupwa kwa maji, mahali wanapolala na mahali wanapokula.

Mwaka 1933 alihamia kwenye mnara wa taa wa zamani huko Sutton Bridge, kwenye mlango wa mto Nene. Aliishi hapo miaka kadhaa akichora na kufuga ndege wa majini. Michoro yake ya makundi ya bata bukini wakiruka chini ya anga la majira ya baridi ilinunuliwa sana, na vitabu vyake viwili vya wakati huo, Morning Flight (1935) na Wild Chorus (1938), vilimpa jina. Maisha yake katika mnara huo yalichangia hadithi ya The Snow Goose ya mwandishi Paul Gallico.

Polepole alianza kuona uzito wa mauaji aliyokuwa akifanya. Bata bukini aliyejeruhiwa kwa risasi na kubaki hai juu ya tope, mahali ambapo hakuna mtu angeweza kumfikia, lilikuwa jambo lililomsumbua kwa muda mrefu. Hata hivyo hakubadilika kwa siku moja. Aliacha kabisa kuwinda mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati hifadhi yake ilikuwa tayari imeanzishwa.

Michezo na vita

Katika Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1936 Scott alishinda medali ya shaba katika mashindano ya mashua za tanga za mtu mmoja, yaliyofanyika Kiel, Ujerumani.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitumikia katika jeshi la majini. Alihudumu kwenye manowari katika Atlantiki, kisha akaongoza boti za mapigano katika Mlango-bahari wa Uingereza. Boti yake mwenyewe iliitwa Grey Goose, kwa jina la bata bukini. Alisaidia pia kubuni rangi za kuficha meli zisionekane na adui kwa urahisi, akitumia ujuzi wake wa uchoraji. Alitunukiwa nishani kwa ushujaa wake.

Mwaka 1942 alimwoa mwandishi Elizabeth Jane Howard, nao wakapata binti mmoja, Nicola. Ndoa hiyo ilivunjika. Mwaka 1951 alimwoa Philippa Talbot-Ponsonby huko Reykjavik, Aisilandi, wakati wa safari ya utafiti wa bata bukini. Walipata watoto wawili: Dafila, ambaye jina lake linatokana na jina la zamani la kisayansi la bata mchonga, na Falcon.

Kuanzishwa kwa Slimbridge

Mnamo Desemba 1945, miezi michache baada ya vita kwisha, Scott alikwenda Slimbridge katika mkoa wa Gloucestershire kuwatazama bata bukini paji-jeupe. Hao ni ndege wanaozaliana kaskazini mwa Urusi na kusafiri kila mwaka kuja kukaa kwenye malisho ya kando ya mto Severn. Alijificha ndani ya kijumba cha saruji kilichojengwa wakati wa vita kwa ajili ya wapiga bunduki, akachungulia kwa darubini kupitia tundu la kulengea. Katikati ya kundi kubwa alimwona bata bukini paji-jeupe mdogo, spishi ambayo ni nadra sana nchini Uingereza. Siku hiyo aliamua kwamba kituo alichokuwa akikiota kingejengwa hapo.

Tarehe 10 Novemba 1946 shirika la kuhifadhi ndege wa majini la Severn lilianzishwa, Scott akiwa kiongozi wake. Lilikuwa na mambo mawili ambayo wakati huo hayakuzoeleka kuwekwa pamoja. Kwanza lilikuwa kituo cha utafiti. Pili, lilifungua milango kwa umma: mtu yeyote aliweza kulipa kiingilio, kuingia kwenye vibanda vya kutazamia na kuwaona ndege wa porini kwa karibu bila kuwafukuza. Scott aliamini kwamba watu hawatalinda kitu wasichowahi kukiona.

Ili kujua ndege hao wanakotoka na wanakokwenda, yeye na wenzake walitumia wavu mkubwa unaorushwa kwa roketi ndogo juu ya kundi linalokula. Ndege walionaswa walivishwa pete miguuni na kuachiwa. Katika safari ya Aisilandi mwaka 1951 waliwavisha pete zaidi ya bata bukini 1,000 wa aina ya miguu-pinki, nao walirudi huko mwaka 1953 na kuwavisha wengine wengi zaidi. Kwa njia hiyo iliwezekana kukadiria idadi ya ndege wote wa spishi hiyo waliokuwa wakija Uingereza.

Batamaji wa majira ya baridi

Kazi ya Slimbridge inayojulikana zaidi ilianza Februari 1964. Kundi la batamaji wa Bewick, ndege weupe wenye shingo ndefu na mdomo wa rangi nyeusi na njano, walitua kwenye kidimbwi kilichokuwa mbele ya dirisha la studio ya Scott. Akiwachora siku baada ya siku, aligundua kwamba mpangilio wa rangi nyeusi na njano haufanani kwa ndege wawili wowote. Kila mdomo ulikuwa kama alama ya kidole ya binadamu.

Ugunduzi huo ulikuwa na maana kubwa. Kabla yake, mtafiti alilazimika kumkamata ndege na kumvisha pete ili aweze kumtambua tena. Sasa ilitosha kukaa nyuma ya kioo na kutazama. Scott na familia yake walimpa kila ndege jina, wakachora uso wake kwenye daftari, wakaandika siku aliyofika, mwenzi wake na watoto aliokuja nao. Ndege mmoja aliyeitwa Lancelot alirudi kwa zaidi ya majira 20 ya baridi. Dafila alipokua alifanya utafiti wa chuo kikuu kuhusu tabia za batamaji hao.

Kumbukumbu hizo zilionyesha mambo ambayo hayakuwa yamethibitishwa vizuri hapo awali. Batamaji wa Bewick hukaa na mwenzi mmoja kwa miaka mingi, na ni nadra sana wawili kuachana wakati wote wangali hai. Makinda husafiri na wazazi wao katika safari ya kwanza ya kilomita zaidi ya 3,000 kutoka tundra ya Urusi, na familia nzima hukaa pamoja wakati wote wa baridi. Ndege wenye familia kubwa hupata nafasi nzuri zaidi ya kula kuliko walio peke yao. Kwa kawaida hufika kuanzia Oktoba na kuondoka kabla Machi haijaisha. Huja kwa sababu nchi yao ya kuzaliana hufunikwa na barafu, ilhali magharibi mwa Ulaya hupata joto la bahari ya Atlantiki, na malisho hayagandi kwa muda mrefu.

Jioni za majira ya baridi ndege hao walilishwa nafaka chini ya taa, wageni wakiwatazama kutoka ndani. Desturi hiyo iliifanya Slimbridge ijulikane kote Uingereza. Utafiti ulioanzishwa na Scott uliendelea baada yake, na ni mmoja kati ya tafiti za muda mrefu zaidi duniani zinazofuatilia ndege mmojammoja.

Kuokoa nene wa Hawaii

Nene ni bata bukini anayeishi katika visiwa vya Hawaii pekee. Kufikia mwaka 1950 walikuwa wamebaki takriban 30 tu, kutokana na uwindaji na wanyama walioletwa na binadamu, kama vile nguchiro na paka. Scott aliomba ndege wachache ili wazalishwe Slimbridge. Wawili waliofika mwaka 1950 walidhaniwa kuwa jozi, lakini msimu wa kutaga ulipofika, wote wawili walitaga mayai. Dume aliletwa haraka kwa eropleni, na mwaka 1952 vifaranga vya kwanza viliangulwa.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1962, nene waliokulia Slimbridge walirudishwa Hawaii na kuachiwa katika kisiwa cha Maui. Siku hizi idadi ya nene porini imezidi 3,000.

WWF na Afrika Mashariki

Mwaka 1960 mwanabiolojia Julian Huxley alitembelea Afrika Mashariki, kisha akaandika makala gazetini akionya kwamba wanyamapori wa huko wako hatarini. Makala hizo zilisababisha mikutano iliyozaa WWF mnamo Septemba 1961, Scott akiwa miongoni mwa waanzilishi pamoja na Huxley, Max Nicholson na Guy Mountfort. Mwezi huohuo mkutano wa uhifadhi ulifanyika Arusha, ambapo Julius Nyerere, wakati huo Waziri Mkuu wa Tanganyika, alitoa tamko lililokuja kujulikana kama Azimio la Arusha la uhifadhi wa wanyamapori. Tamko hilo ni tofauti na Azimio la Arusha la mwaka 1967.

Kuanzia mwaka 1963 hadi 1980 Scott aliongoza tume ya IUCN inayoshughulikia spishi zilizo hatarini. Katika kipindi hicho vitabu vyekundu, vinavyoorodhesha spishi hizo, vilianza kuchapishwa. Geoffrey Matthews, mkuu wa utafiti wa Slimbridge, alikuwa kati ya watu waliotayarisha Mkataba wa Ramsar kuhusu ardhioevu, uliotiwa sahihi nchini Iran tarehe 2 Februari 1971. Ziwa Natron, bonde la Kilombero, ziwa Nakuru na ziwa Naivasha ni kati ya maeneo yaliyoorodheshwa chini ya mkataba huo.

Lawama

Kazi ya Scott haikukosa makosa. Bata kichwa-cheusi wa Amerika ya Kaskazini, walioletwa Slimbridge miaka ya 1940 kwa ajili ya kufugwa, walitoroka katika miaka ya 1950 na kuzaana porini. Baadaye walienea hadi Hispania, wakapandana na bata kichwa-cheupe, spishi ambayo tayari ilikuwa hatarini. Serikali ya Uingereza ililazimika kuendesha kampeni ya kuwaua maelfu ya bata hao.

Mwaka 1975 Scott alishirikiana na Robert Rines kumpa jina la kisayansi mnyama anayesemekana kuishi katika ziwa Loch Ness, ili aweze kulindwa na sheria iwapo yupo. Wanasayansi wengi waliwakosoa kwa sababu picha zilizotumika hazikuwa wazi.

Miaka ya mwisho na urithi

Kuanzia mwaka 1955 Scott aliendesha kipindi cha televisheni cha Look katika BBC, ambacho kiliwafanya Waingereza wengi wapende viumbe. Mwaka 1963 alikuwa bingwa wa Uingereza wa kurusha eropleni zisizo na injini. Alipewa cheo cha Sir mwaka 1973 kwa kazi yake ya uhifadhi.

Alifariki Bristol kwa ugonjwa wa moyo, wiki mbili kabla ya kutimiza umri wa miaka 80. Shirika lake, ambalo sasa huitwa WWT, lina vituo kadhaa nchini Uingereza. Kimoja, kilichofunguliwa London mwaka 2000, kina sanamu yake karibu na lango.

Idadi ya batamaji wa Bewick wanaofika Ulaya magharibi imepungua sana tangu katikati ya miaka ya 1990. Baadhi yao, kwa sababu majira ya baridi yamekuwa na joto zaidi, huishia Ujerumani au Uholanzi na hawafiki tena Uingereza. Mabadiliko hayo yanaweza kupimwa kwa sababu Slimbridge ina kumbukumbu za ndege hao, mmoja baada ya mwingine, tangu mwaka 1964.