Shajarat al-Durr: Mjakazi aliyeishika Misri wakati wa Vita vya Msalaba

Kila inapozuka mada ya mwanamke na uongozi, sisi Waislamu hugawanyika pande mbili. Upande mmoja hulitaja jina la Shajarat al-Durr kuonyesha kwamba mwanamke wa Kiislamu amewahi kukalia kiti cha usultani na dola ikasalimika mikononi mwake. Upande wa pili hulitaja jina hilo hilo kuonyesha kwamba mwanamke akipewa utawala mwisho wake ni fitina na damu. Nimewasikia wote wawili mara nyingi, barazani na hata baada ya darsa, na nimegundua kuwa wengi wanaolitaja jina hilo hawayajui maisha ya mwenye jina. Ndiyo maana nimeona leo niyaeleze, kisha msomaji apime mwenyewe.

Jina lake maana yake ni Mti wa Lulu. Alikuwa mjakazi, na wanahistoria wengi wanasema asili yake ni Mturuki. Alinunuliwa na al-Salih Ayyub, mwanamfalme wa ukoo wa Ayyubi, ambaye babu yake alikuwa ndugu wa Salahuddin aliyeikomboa Baitul-Maqdis mwaka 1187. Mwaka 1239, al-Salih alipotiwa kifungoni katika ngome ya Kerak na jamaa zake mwenyewe, Shajarat al-Durr alikuwa pamoja naye katika dhiki ile. Alimzalia mtoto wa kiume, Khalil, ambaye alifariki akingali mdogo. Al-Salih alipotoka kifungoni na kuwa Sultani wa Misri mwaka 1240, hakumsahau. Alimwacha huru na kumuoa.

Tuzingatie hapo. Huyu hakuingia katika siasa kwa sababu ya baba yake wala kabila lake. Hakuwa na ukoo Misri. Alichokuwa nacho ni akili, subira, na imani ya mumewe, ambaye alipokwenda vitani nje ya Misri alimwachia shughuli za dola.

Sasa twende mwaka 1249. Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa alivuka bahari na jeshi kubwa la Msalaba. Lengo lilikuwa Baitul-Maqdis, ambayo ilikuwa imerudi mikononi mwa Waislamu mwaka 1244, lakini alijua kwamba ufunguo wake uko Misri. Mwezi Juni alitua Dimyat, bandari iliyoko kwenye mdomo wa mto Nile. Askari waliopewa kazi ya kuulinda mji ule wakaukimbia, na Wafaransa wakaingia bila jasho. Wakati huo Sultani al-Salih alikuwa mgonjwa mahututi. Alibebwa hadi Mansura, akapiga kambi huko ili aizuie njia ya Cairo, na hapo ndipo alipofariki mwezi Novemba 1249.

Fikiria hali ilivyokuwa. Adui yuko ndani ya nchi, Sultani amekufa, na mrithi wake Turanshah yuko mbali, Hisn Kayfa, katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Habari ile ingevuja usiku ule, jeshi lingetawanyika kabla ya asubuhi. Shajarat al-Durr aliwaita watu wawili tu: Fakhruddin, amiri wa jeshi, na msimamizi mkuu wa watumishi wa kasri. Wakakubaliana kuficha kifo. Maiti ikapelekwa kwa siri kwa mashua hadi kisiwa cha Rawda. Chakula kikaendelea kuingizwa katika hema la Sultani kama kawaida. Amri zikaendelea kutoka zikiwa na alama ya mkono wake. Maamiri wakalishwa kiapo cha utii kwa Sultani na kwa mwanawe Turanshah, na mjumbe akatumwa haraka kumleta mwana huyo.

Kwa miezi kadhaa Misri iliongozwa na mjane aliyezuia machozi yake ili jeshi lisivunjike. Mwezi Februari 1250 Wafaransa walivuka mfereji na kuivamia kambi ghafla, Fakhruddin akauawa. Robert, ndugu yake Mfalme Louis, akajitosa na wapanda farasi wake hadi ndani ya Mansura akidhani vita vimekwisha. Katika vichochoro vya mji ule Mamluki wa Bahriyya, askari waliolelewa na marehemu Sultani, waliwamaliza. Miongoni mwao alikuwemo Baibars, ambaye baadaye alikuja kuwa Sultani mashuhuri. Baada ya hapo Turanshah akawasili, mashua za chakula za Wafaransa zikakamatwa mtoni, njaa na maradhi vikawaingia. Mwezi Aprili, karibu na Fariskur, Mfalme Louis mwenyewe akatekwa.

Ushindi mkubwa kama huo ulitakiwa ulete shukrani. Turanshah badala yake alianza kuwaondoa Mamluki kwenye vyeo, akaweka watu aliokuja nao, na akamtishia mjane wa baba yake, akimdai mali ya marehemu. Mwanamke aliyemhifadhia kiti akawa mshitakiwa. Tarehe 2 Mei 1250 Mamluki wakamuua. Sasa nani ashike dola? Maamiri wale, watu wa upanga na farasi, wakamchagua Shajarat al-Durr, na Aybak akafanywa amiri wa jeshi.

Jina lake likasomwa katika khutba za Ijumaa, akitajwa kuwa mama yake Khalil, na sarafu zikapigwa kwa jina lake. Siku chache tu baadaye Dimyat ikarudishwa. Fidia ya Mfalme Louis ilikuwa imefikia dinari laki nane; nusu ikalipwa ndipo akaruhusiwa kuondoka. Vita ile ikaisha, na nchi ikabaki salama.

Hata hivyo hakudumu. Watawala wa ukoo wa Ayyubi huko Sham walikataa kumtambua, na al-Nasir Yusuf wa Halab akaichukua Damascus. Khalifa al-Musta'sim wa Baghdad naye hakumuidhinisha. Wanahistoria wanasimulia kwamba aliwaandikia watu wa Misri kwa kejeli kwamba ikiwa wamekosa mwanamume wa kuwatawala, yeye atawapelekea mmoja. Baada ya siku themanini hivi Shajarat al-Durr akajiuzulu, akaolewa na Aybak, na Aybak akawa Sultani.

Hapa nina swali. Wakati Wafaransa wako Mansura, kwa nini hakuna aliyeuliza kama aliyeshika usukani ni mwanamke? Wakati wa hatari alifaa, na wakati wa amani akawa fedheha. Khalifa aliyewakejeli Wamisri aliuawa na Wamongoli mwaka 1258, Baghdad ikateketea. Waliowazuia Wamongoli kule Ain Jalut mwaka 1260 ni jeshi la Misri ile ile aliyoikejeli.

Suala la kifiqhi la mwanamke kushika uongozi mkuu wa umma sina nia ya kulimaliza katika safu hii. Jamhuri ya wanazuoni wa zamani hawakuruhusu. Imamu Abu Hanifa aliruhusu mwanamke awe kadhi katika baadhi ya mashauri, na imepokewa kutoka kwa Ibn Jarir al-Tabari kwamba aliruhusu ukadhi wake kwa ujumla. Wenye elimu waendelee kulijadili kwa adabu. Ninachokataa ni kumtumia Shajarat al-Durr nusu nusu.

Maana nusu ya pili ya maisha yake inatisha. Baada ya kujiuzulu hakuyaacha madaraka. Aliendelea kutawala kupitia kwa mumewe, na inasimuliwa kuwa alimlazimisha amwache mke wake wa kwanza, mama wa mwanawe Ali. Mwaka 1257 Aybak alipoposa binti wa mtawala wa Mosul, Shajarat al-Durr aliona kiti kinamponyoka. Mwezi Aprili Aybak akauawa na watumishi akiwa hamamu. Mkewe akadai amekufa ghafla usiku. Safari hii siri haikufichika. Watumishi walikiri, na maamiri aliowapa utawala wakaukataa. Akakamatwa. Ali, kijana wa miaka kama kumi na mitano, akawekwa kuwa Sultani, na Shajarat al-Durr akakabidhiwa kwa mama yake Ali. Wajakazi wakampiga kwa mitalawanda, viatu vya mbao vya hamamu, hadi akafa. Mwili wake ukatupwa nje ya ngome ya Cairo, na baada ya siku kadhaa ukazikwa katika kaburi alilojijengea mwenyewe. Kaburi hilo lipo hadi leo, na katika mihrabu yake umechorwa mti wenye lulu.

Mara mbili mwanamke huyu alificha kifo cha mume. Mara ya kwanza alificha ili kuilinda nchi ya Waislamu, naye akapata heshima ambayo hakuiomba. Mara ya pili alificha ili kulinda nafasi yake, akapoteza heshima na uhai. Akili na ushujaa ni vile vile, mtu ni yule yule. Kilichobadilika ni nia.

Na Aybak je? Mwaka 1254 alimuua Aktay, amiri mwenzake, kwa kuogopa kiti chake. Turanshah aliwageuka waliompigania. Hao wote walikuwa wanaume, na hakuna anayesema kwamba wanaume hawafai kutawala kwa sababu yao. Uongozi ni amana. Anayeubeba kwa ajili ya umma, Mwenyezi Mungu humfungulia njia hata kama alikuwa mjakazi asiye na ukoo. Anayeung'ang'ania kwa ajili ya nafsi yake, kiti hicho hicho ndicho kinachommaliza. Kabla hatujauliza kama kiongozi ni mwanamume au mwanamke, tuulize anaficha nini, na anamfichia nani.

Wallahu a'lam.