Frances Marion, Mwandishi wa Nyuma ya Pazia

Wanachama wenzangu, kila mwaka mimi huandika mchezo wa kuigiza wa bweni letu. Siku ya mashindano waigizaji hupigiwa makofi, nami niko nyuma ya pazia na karatasi zangu. Nani aliandika? Wapi, hakuna anayeuliza! Ndiyo maana nimemchagua Frances Marion.

Alizaliwa San Francisco, Marekani, mwaka wa 1888. Alipoingia kazi ya filamu alifunzwa na Lois Weber, mwanamke aliyekuwa mwelekezi. Sura ya kuigiza alikuwa nayo, lakini yeye alitaka kalamu.

Siku hizo filamu hazikuwa na sauti, kwa hivyo mwandishi alieleza karibu kila jambo kwa vitendo. Mnamo 1917 alimwandikia rafiki yake Mary Pickford filamu ya The Poor Little Rich Girl. Hebu fikiria, mwanamke wa miaka 24 anaigiza mtoto wa miaka 11! Wakubwa wa kampuni walipoitazama hawakucheka hata kidogo. Walidhani pesa zimepotea bure. Kumbe watu wangejaa kuiona.

Kilichonigusa zaidi ni habari ya Marie Dressler. Huyu alikuwa mchekeshaji mashuhuri aliyemtendea wema Frances alipokuwa ripota kijana. Miaka ikapita, Marie akazeeka, kazi zikakauka. Frances hakumsahau. Mwaka wa 1927 alimwandikia filamu, kisha akasaidia kuandika Min and Bill ya 1930, na mama huyo wa zaidi ya miaka 60 akashinda tuzo ya Oscar.

Frances mwenyewe hakuwa na raha wakati huo. Mume wake, Fred Thomson, alikuwa amefariki kwa pepopunda mwaka wa 1928, akamwachia wavulana wawili. Hata hivyo alikwenda katika gereza la San Quentin kuona maisha ya wafungwa, ndipo akaandika The Big House. Kwa kazi hiyo akawa mwanamke wa kwanza kupata Oscar ya uandishi. Ya pili aliipata kwa The Champ, hadithi ya mwanamasumbwi na mwanawe.

Katika miaka ya 1940 aliiacha Hollywood, akaandika vitabu. Alifariki mwaka wa 1973.

Mchezo wetu wa mwaka ujao nimeshauanza. Kuna mwenzetu mmoja ambaye hachaguliwi kamwe, ati sauti yake ni nzito mno. Nimemwandikia nafasi ya chifu.