Kocher, daktari wa rovu

Msomaji, ukiambiwa mwanao mwenye rovu apasuliwe shingo, mkumbuke Theodor Kocher, aliyezaliwa Bern, Uswisi, mwaka 1841. Milimani kwao chakula kilikosa madini joto, na marovu yalikuwa mengi. (Sisi wa Unguja tusijidai kwa kuzungukwa na bahari: chumvi ya pwani isiyotiwa madini joto haikingi.)

Zamani upasuaji huo uliua wengi kwa kuvuja damu. Kocher alipasua maelfu, taratibu na kwa usafi, hata vifo vikawa nadra. Kisha akawaita wagonjwa aliowatoa tezi yote. Watoto walikuwa wamedumaa, wakubwa wamevimba uso na akili zimekuwa nzito. Mwaka 1883 aliyatangaza hayo mwenyewe, akaacha kuitoa yote kwa rovu la kawaida. Tuzo ya Nobel aliipata mwaka 1909, alifariki 1917.

Siku hizi tezi yote ikitolewa, vidonge vya thairoksini hushika nafasi yake, kila siku, maisha yote. Wapo wanaoviacha wakijiona wazima. Baada ya wiki chache huanza kuchoka, kuhisi baridi na kuvimba uso. Kwa hiyo kabla ya kulazwa Mnazi Mmoja, muulize daktari: anatoa yote au upande mmoja?