Bi. Wu na Swali la Kushoto na Kulia

Wanafunzi wenzangu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bi. Chien-Shiung Wu aliinama mpaka akakipata, ingawa tuzo ilikwenda kwa wengine.

Alizaliwa mwaka wa 1912 huko Liuhe, mji mdogo karibu na Shanghai, nchini Uchina. Enzi hizo kumsomesha msichana lilikuwa jambo la nadra. Babake hakujali maneno ya watu. Alifungua shule ya wasichana, na bintiye akasoma papo hapo. Mwaka wa 1936 Bi. Wu alipanda meli kwenda Marekani kusomea fizikia. Aliwaaga wazazi wake, asijue kwamba hatawaona tena.

Siku hizo wanasayansi waliamini kwamba maumbile hayabagui kushoto na kulia. Yaani, jambo lolote unaloliona kwenye kioo laweza pia kutokea kweli. Mwaka wa 1956 Tsung-Dao Lee na Chen Ning Yang waligundua kwamba kwa ile nguvu dhaifu iliyomo ndani ya kiini cha atomu, hakuna aliyewahi kuhakikisha. Haya, nani atapima?

Bi. Wu na mumewe walikuwa wamekwisha kata tikiti ya meli kwenda Ulaya na Asia, miaka 20 tangu aondoke kwao. Mume akaenda peke yake, bibi akabaki maabarani. Huko Washington, yeye na wenzake waliipoza kobalti-60 kwa baridi isiyo na mfano, kisha wakatumia sumaku ili viini vyake vizunguke upande mmoja. Kama maumbile hayabagui, elektroni zingetoka sawasawa pande zote mbili. Wapi! Nyingi zilitoka upande mmoja. Walipogeuza sumaku, nazo zikageuka.

Mwaka huohuo wa 1957 Lee na Yang walipewa Tuzo ya Nobel. Bi. Wu hakupewa kamwe. Hata hivyo hakukata tamaa, na mwaka wa 1978 akapata Tuzo ya Wolf. Alipokanyaga tena Uchina mwaka wa 1973, wazazi wake wote wawili walikuwa wamekwisha fariki. Yeye alifariki New York mwaka wa 1997, na majivu yake yakazikwa Liuhe, katika ua wa shule ya babake.

Swali lake halikuzikwa. Je, nguvu kuu inayoshikilia kiini nayo yaweza kubagua, angalau kwa kitambo kidogo? Katika maabara ya Brookhaven, Marekani, viini vizito viligonganishwa, na mgongano huo huzaa joto na sumaku kali ajabu. Kama upendeleo upo, chembe za chaji chanya na hasi zitatengana kuifuata sumaku hiyo. Mwaka wa 2018 walilinganisha rutheni yenye protoni 44 na zirikoni yenye 40, zenye uzito karibu sawa. Rutheni, yenye sumaku kali zaidi, ilitarajiwa kuonyesha utengano mkubwa zaidi. Matokeo ya 2021 hayakuonyesha hivyo, nao wakayatangaza yalivyo, bila kuyapamba.

Basi walimu wetu, mtuwie radhi. Mkituambia kwamba jambo fulani linajulikana na wote, tutauliza kwa heshima: limepimwa?